Msimulizi Anayejua Yote

Harufu ya mgomba uliokatwa ni ya maji zaidi kuliko ya ndizi. Ina ubichi na ukakasi unaokaa kooni, na utomvu wake ukigusa nguo hautoki hata ufue kwa sabuni gani. Mwezi uliopita vijana walikuwa wakikata migomba nyuma ya nyumba ya baba mdogo Ojiambo, kule Budalang'i, ili kupata nafasi ya kusimamisha turubai la matanga yake. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, kisu mkononi, nakata vitunguu. Harufu ile ilipoingia niliweka kisu chini, nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba nikiwa nimeshika ukuta. Wenzangu walidhani ni vitunguu. Hawakujua kwamba mara ya mwisho kuinusa harufu hiyo katika boma hilohilo, mgomba ulikuwa umevalishwa shati la baba yangu.

Nyinyi mliosoma enzi zetu, tukibanana watatu kwenye dawati moja na kubeba maji ya kumwagia sakafu kila Ijumaa, mtawakumbuka walimu wa mazoezi. Walikuja kwa muhula mmoja, viatu vinang'aa, chaki wanaishika kama yai, wakatupenda kuliko tulivyostahili, kisha wakaondoka. Sisi tulimpata Mwalimu Rispa. Nilikuwa darasa la sita, katika shule moja mjini Busia iliyokuwa karibu na lango la mpaka kiasi kwamba lori likipiga honi, mwalimu alinyamaza mpaka limalize. Mwalimu Rispa alikuwa ametoka chuoni kichwa kikiwa kimejaa mambo ya fasihi, na badala ya kutufundisha insha ya sherehe na ya ajali kama wengine, akatumwagia yote aliyokuwa nayo. Hatukuwa wa kiwango hicho. Lakini nani angemwambia, na sisi tulikuwa tunafurahia?

Alituambia tufungue madirisha. Mnaona nini? Tukasema tunaona vumbi, akina mama na mabunda ya vitenge, wabadilishaji pesa kwenye viti vyao, baiskeli zikivusha watu upande wa Uganda. Akasema hiyo ndiyo mandhari: mahali na wakati ambapo hadithi inakaa. Mhusika ni yule ambaye ukimtoa hadithi inayumba. Mgogoro ni kile anachokitaka na kile kinachomzuia. Taharuki ni ule mshiko wa kifua unapotaka kujua litakalofuata, na kilele ni pale ambapo jambo haliwezi tena kurudi nyuma. Maneno hayo yalitushika kama ugonjwa. Wavulana wakipigana wakati wa mapumziko, mtu alitangaza mgogoro, na mwalimu wa zamu akitokea na kiboko, tulikubaliana kwamba hicho ndicho kilele.

Siku moja alifika kwa msimulizi. Nakumbuka alivyofuta ubao wote kwanza. Akasema kuna msimulizi aliye ndani ya hadithi, na huyo hawezi kukueleza zaidi ya aliyoyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake. Halafu kuna msimulizi aliye nje, anayejua yote. Huyo anajua hata mtu anachowaza akiwa peke yake gizani. Mimi nikanyanyua mkono, maana nilikuwa mtoto wa maswali, nikamuuliza anajuaje. Akaweka chaki chini. Akasema, "Huyo yuko vitabuni tu, Nafula. Hapa duniani, ukitaka kujua mtu aliwaza nini, lazima akuambie mwenyewe."

Jibu hilo lilikuwa safi, na nililiamini kama nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Baba alikuwa mwendesha baiskeli. Alivusha abiria kati ya lango letu na lango la Uganda, na siku ambazo hakuna abiria alibeba sukari kupitia njia za panya, jambo ambalo hatukulitaja mbele ya wageni. Aliendesha magoti yakitazama nje, kila moja upande wake, hata ungemtambua kwa mbali ukiwa umefumba jicho moja. Jioni niliyomweleza kwamba yeye ndiye mhusika mkuu wa nyumba yetu, aliketi kwenye kigoda akipaka mnyororo mafuta, akaniuliza na baiskeli je. Nikamwambia ajaribu kuitoa aone kama hadithi haitayumba. Alicheka sana. Akamwita mama atoke jikoni aje asikie kwamba baiskeli ni mhusika.

Kisha mvua zikanyesha huko milimani kwa watu wengine, na mto Nzoia ukatuletea sisi maji yake. Redio ilisema tuta limepasuka na maji yameingia vijijini. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa huko Budalang'i peke yake. Baba aliondoka asubuhi na baiskeli yake, mama amemfungia viazi kwenye karatasi.

Yaliyojulikana kwa hakika yalikuwa machache. Baba alimkuta Kukhu amekaa juu ya meza, maji yakiwa magotini. Aliitundika baiskeli kwenye boriti, akambeba mama yake hadi kwenye mtumbwi wa jirani, wakafika juu ya tuta salama. Halafu akasema anarudi kuchukua baiskeli. Kukhu alimkataza. Jirani alimwona akipita kando ya ua, maji yakimfika kifuani, mikono juu. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Huku Busia tulisubiri. Nililijua jina la kitu kilichokuwa kimeingia nyumbani kwetu. Mwalimu alikuwa amesema taharuki humfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Hakusema kwamba humfanya mama asile. Mama alikuwa akipakua chakula, akikaa mbele yake, na baada ya muda akikirudisha kwenye sufuria. Sikumsikia akilia. Ningefurahi kama angelia, maana kule kunyamaza kwake kulinitisha kuliko maji yenyewe.

Maji yalipopungua, ukuta wa nyumba ya Kukhu ulikutwa umelala chini, na baiskeli ikiwa chini ya ukuta, gurudumu la mbele limepinda. Baba hakuwepo. Walimtafuta kwenye mafunjo mpaka ziwani, wakarudi na kandambili ambayo haikuwa yake. Mwishowe wazee wa ukoo wakasema mtu hawezi kuachwa nje namna hiyo. Atazikwa mgomba.

Kwa wasiotoka kwetu: mtu akipotea majini na mwili usipatikane, tunakata shina la mgomba na kulizika mahali pake, ili roho yake itulie na watu wake walale. Wanaume walilikata shina lenye urefu wa baba. Walilivika shati lake la bluu la Jumapili, wakalifunga vifungo vyote, wakalifunika blanketi, wakaliweka kwenye jeneza. Utomvu ulikuwa umeanza kulowesha kifua cha lile shati. Kaburi nalo lilikuwa likitoa maji kutoka chini, na vijana waliyateka kwa ndoo hadi padre alipowaambia basi. Watu wazima walilia mbele ya kitu ambacho kila mmoja alijua ni mgomba, na mimi nilisimama nikiwashangaa. Niliogopa, kwa sababu nilidhani ni mimi pekee niliyeona kwamba baba hayumo.

Kabla ya kufukia, kuna jambo moja ambalo kwetu halirukwi. Lazima mtu asimame aeleze marehemu alivyotutoka, tangu mwanzo hadi pumzi ya mwisho. Kwa kawaida ni yule aliyemuuguza. Bila maelezo hayo waombolezaji hawaondoki, na wakiondoka wanaenda kujitungia yao njiani. Sasa nani angesimama, na hakuna aliyeona?

Alisimama baba mdogo Ojiambo, ndugu yake baba. Alifanya kazi Malaba, kupakia na kupakua malori, na alikuwa amefika nyumbani wakati maji yameshaanza kukauka. Alivua kofia. Alieleza juu ya Kukhu na mtumbwi, na hayo tuliyajua. Lakini hakuishia kwenye ua. Aliingia na baba ndani ya nyumba. Alieleza alivyoishika baiskeli, na ukuta ulivyoegemea mlango. Kisha akamgeukia mama.

"Alipoona hatatoka, hakupiga kelele," akasema. "Roho yake ilitulia. Alisema ndani ya roho, afadhali mama nimemtoa. Halafu akafikiria wewe, mama Nafula. Akasema usikae ukijisumbua, kwa maana hakuumia. Ilikuwa kama usingizi unamshika."

Mama aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na akalia kwa mara ya kwanza, kilio kikubwa, wanawake wakimshika mabega. Jioni hiyo alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani yake.

Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nafanya hesabu. Baba mdogo hakuwa nyumbani siku ile, alikuwa Malaba. Hakuwa ndani ya hadithi. Na hapa si kitabuni, kwa hiyo hakuwa yule wa nje anayejua yote. Lakini alijua baba alichokiwaza akiwa peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa na ukuta. Ukitaka kujua mtu aliwaza nini, lazima akuambie mwenyewe. Basi baba alikuwa amemwambia. Na mtu hawezi kusimulia mawazo yake ya mwisho akiwa amekufa.

Nilipata furaha mbaya, ya kuficha, pale kando ya jeneza lenye mgomba. Baba yuko hai. Alitoka majini, akapita kwa baba mdogo Malaba, akavuka upande wa pili. Kwa nini anajificha sikuwa na shida kulielewa. Askari wa forodha walikuwa wameshamfukuza na sukari, na pengine walikuwa bado wanamtafuta. Mazishi haya yalikuwa ya kuwapoteza askari. Ndiyo maana wametumia mgomba. Niliamua sitamuuliza baba mdogo kitu, maana siri ikiulizwa inavuja. Nilitaka sana kusimama niseme, wajomba na shangazi zangu wote wanyamaze. Nikauma ulimi.

Mwalimu Rispa aliondoka muhula huo huo. Sikumuaga.

Mwaka uliofuata mama alihamia Malaba, akafungua kibanda cha chai na chapati karibu na foleni ya malori, na baba mdogo alituangalia kama alivyopaswa. Kwangu kuhamia huko kulikuwa ushahidi. Nilikaa nje ya kibanda baada ya shule nikiosha vikombe, macho yangu yakiwa kwenye daraja. Sikutazama nyuso. Nilitazama magoti.

Kila baba mdogo alipopita kunywa chai, nilimsimulia mambo yangu kwa sauti na kwa utaratibu, ili aweze kuyapeleka. Nimepita hesabu. Nimeota jino. Mama ana homa lakini inapungua. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri. Siku moja nilichemsha njugu, nikazifunga kwenye karatasi, nikampa nikisema ni za njiani, huku nikimtazama machoni ili ajue kwamba najua. Alizitia mfukoni, akanishukuru kwa heshima kubwa, akaenda zake kuelekea daraja. Usiku huo nililala vizuri kuliko siku nyingi. Nilimwona baba akizimenya mahali fulani huko Tororo, maganda akiyaweka kwenye kiganja kama alivyozoea.

Halafu nilimwona. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na alikuwa akivuka kurudi Uganda na kreti la soda nyuma ya baiskeli, magoti yakitazama nje. Niliacha vikombe. Nilipita chini ya kamba ya lango, mtu akanipigia kelele, sikugeuka. Nilimfuata hadi ng'ambo, nikiita baba, kwanza polepole na baadaye bila aibu. Alisimamisha baiskeli, akaweka mguu chini, akageuka. Alikuwa mzee, hana meno ya mbele. "Mwana, onoonya ani?" akaniuliza kwa Kiganda, unamtafuta nani. Nilirudi nyuma hatua moja. Akanirudisha yeye mwenyewe hadi langoni akisukuma baiskeli, na mama alikuwa pale amesimama, mikono imejaa unga. Mama hakunichapa wala hakuniuliza. Aliniosha uso, akanipa vikombe vingine niendelee.

Nilienda sekondari. Huko nilifundishwa upya habari ya wasimulizi, na huyu mwalimu alikuwa na maelezo marefu zaidi, ila mimi sikumsikiliza. Nilikuwa mkubwa. Nilijua watu husimulia mawazo ya wenzao kila siku, sokoni, kanisani, kwenye simu, na hakuna anayewauliza walijuaje. Nilijua, lakini kujua hakukushuka chini ya shingo. Leo nafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Malaba. Watu hufikiri nilifuata kazi kwa sababu ndiyo iliyopo hapa. Nilifuata dirisha linalotazama daraja.

Baba mdogo alipougua walimlaza hospitali ya Alupe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikawa naenda kumlisha na kumgeuza. Mkewe, mama mdogo, miguu ilikuwa imevimba, hakuweza safari za kila siku. Alasiri moja, akiwa ametulia, nilisikia mdomo wangu ukimuuliza. Nilimwambia, baba mdogo, ile siku ya mgomba, ulijuaje baba alichofikiria?

Alitazama dari. "Sikujua," akasema. "Mimi nilikuwa hapo Malaba napakua mahindi. Nilifika nikapata watu wameketi, na mama yako ananiangalia tu. Sasa ningesimama niseme nini? Niseme hatujui?"

Nikamuuliza kama ni yeye aliyeyatunga.

"Si kutunga. Nilisema yenye mimi ningefikiria, kama ni mimi niko kwa hiyo maji."

Nilimweleza basi habari ya njugu, zilikuwa za nani. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikamwinua. Akafuta macho. "Na mimi nilizikula zote kabla ya daraja," akasema. "Nikasema, huyu mtoto ananipenda kweli."

Nilimwelewa. Hakuna kilichokuwa kigumu kuelewa. Na bado kesho yake, baiskeli ilipopita mbele ya dirisha langu, kichwa kiliinuka chenyewe.

Alifariki nikiwa nimeenda kujaza chupa ya maji ya moto. Niliporudi muuguzi alikuwa ameshamfunika. Chupa ilikuwa nzito mkononi, nami nikaendelea kuishika, sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo mwezi uliopita, pale Budalang'i, turubai likiwa limesimama mahali migomba ilipokatwa na ile harufu ikiwa bado hewani, waliniita mimi. Nafula ndiye aliyekuwa naye, aseme. Nilisimama nikiwa na nia ya kusema kweli: aliugua, alitibiwa, nilienda kuchota maji. Nilieleza ugonjwa, nikafika pale kitandani. Mama mdogo alikuwa ameketi mbele, miguu juu ya mto, ananiangalia. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikasikia sauti yangu ikiingia ndani ya kichwa cha marehemu bila kubisha hodi. Nilisema alikuwa ametulia. Nilisema aliwaza nyumba yake, na kwamba alimtaja mama mdogo kwa jina lake la usichana, akasema amekuwa na mke mzuri na asikae akijisumbua. Maneno yalikuja yenyewe, hayakunipa shida hata kidogo, na nilijua yanatoka wapi. Hakuna aliyekuwa amevuka daraja kuniletea. Nikiwa nimesimama pale, kipaza sauti mkononi, watu wakiitikia kwa kuguna, baba yangu akafa. Alikufa maji, ndani ya nyumba, peke yake, akiwaza kitu ambacho hakuna mtu atakayekijua kamwe. Nilimlilia mbele ya watu wote, na wao wakasema huyu binti alimpenda sana baba yake mdogo, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Baada ya kufukia, nilimpelekea mama mdogo chai. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili lakini hakunywa. Alinivuta karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini lile swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mumewe wakati bado lingenisaidia.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaniambia nikae, na mimi pia nijimiminie chai kabla haijapoa.